M'Cirhuza Hafiki Mbarara

Mmeniomba niwaandikie machache kabla sijayasahau, ninyi mnaobaki ofisini Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, na kurithi kompyuta yangu yenye kibodi iliyofutika herufi. Nimekubali, ila msitegemee niwatie moyo. Huo moyo wenyewe sina wa kugawa. Tangu nilipokimbia Kivu Kusini mpaka kustaafu kwangu mwaka huu wa 2015, kazi yangu ilikuwa moja tu: jina la mtu likiandikwa hapa, lifike kule likiwa zima. Nitawaeleza kazi hiyo inavyofanyika. Nitawaeleza na jinsi ilivyoshindikana, maana hiyo ndiyo ninayoifikiria ninapochambua maharage nyumbani.

Nilifika na vita vya 1996, mkononi nina cheti cha ukatibu kutoka shule ya misheni ya kwetu. Aliyenipokea kazini ni Mzee Tumwine, Mnyankore wa Isingiro, mkuu wa chumba cha usajili, mtu mrefu aliyevaa koti hata jua likiwa kali. Alinikalisha mbele ya mashine ya kuchapa na kuniletea mwanamke wa kwanza kwenye foleni, mama wa Kishi, wa kabila la Bashi kama mimi. Akataja jina, nami nikachapa M'Bagalwa. Mzee Tumwine akainama juu ya bega langu na raba mkononi.

"Hii uchafu gani iko juu ya jina?"

"Si uchafu, Mzee. Kwetu Bashi, Bagalwa ni baba. M'Bagalwa ni binti yake. Ukifuta hako kadogo, mama huyu anakuwa baba yake."

Akamtazama yule mama, akatazama karatasi. "Banange. Hii kitu kidogo ndiyo inafanya yeye mwanamke?" Akarudisha raba mfukoni. Mama yule naye akacheka, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu avuke mpaka.

Mzee Tumwine ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa na desturi moja ambayo wageni waliiona ya kupoteza muda. Ukishaandika jina, unalisoma kwa sauti mbele ya mwenyewe, halafu unanyamaza. Unasubiri. Mwenye jina akiitika kwa kichwa, unaendelea. Akikunja uso, unaanza upya, hata kama foleni imefika barabarani. Watu wenye jina bovu kwenye kadi, alisema, watarudi kwako kila siku mpaka ufe. Alistaafu kabla kompyuta hazijatuzoea, akarudi kwenye migomba yake, na baada yake hakuna aliyesoma jina la mtu kwa sauti isipokuwa dereva wa gari la wagonjwa.

Kompyuta zilipokuja, majina yaliingizwa Nakivale na kupelekwa Mbarara ndani ya flashi. Mpelekaji nilikuwa mimi. Nilipanda boda mpaka kwenye lami, kisha teksi, flashi ikiwa imefungwa kwenye ncha ya kitenge pamoja na dawa yangu ya presha. Ofisi ya Mbarara waliichomeka, wakaikuta imejaa virusi tulivyovipata kwa mwenye duka la kuchaji simu, wakaisafisha pamoja na majina. Nilirudi na flashi safi kabisa. Mara nyingine ilibidi tuanze upya kijiji kizima cha Juru, watu waliotoka kulima wakisimama tena juani kutuambia majina ambayo tayari walikuwa wametuambia.

Kwa hiyo zilipokuja simu za kugusa, nani angezikataa? Tulielezwa hivi: muuguzi wa Juru ataandika mgonjwa kwenye programu ya simu, hata pasipo na mtandao. Akipata mtandao, anabonyeza Tuma, na mgonjwa anaonekana kwenye tovuti yetu ya Mbarara, ambako hospitali na dereva wanamwona papo hapo. Hakuna flashi tena, hakuna boda. Nilifurahi kama mjinga. Niliwapa wenzangu soda.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kazi yenu ilipo. Simu haitumi mtu. Haitumi hata kadi. Inachofanya ni kumfungasha: inachukua jina, umri, kijiji, ugonjwa, inavipanga vyote kwenye mstari mmoja mrefu wa herufi, kila kitu kikiwa na lebo yake na kikiwa kimefungwa mwanzo na mwisho kwa alama. Mstari huo ndio unaosafiri. Ukifika Mbarara, tovuti inaufungua: inatafuta alama ya mwanzo, inatafuta ya mwisho, na kilichomo katikati inakiita jina. Pande mbili zikikubaliana alama ni ipi, mtu anafika. Zisipokubaliana, kinachofika ni vipande, na tovuti haipokei vipande.

Aliyetengeneza programu yetu ya simu, sijui nani wala nchi gani, alichagua kufungia maneno kwa kale kaalama kadogo ka juu. Kale kale kaliko kwenye M'Bagalwa.

Wakati huo hatukulijua hilo. Tulichojua ni manung'uniko. Akina mama wa Kishi walianza kusema majina yao hayatoki. Wafugaji nao, wale ndugu zetu wa milimani wenye mifugo, wakasema hivyo hivyo: wanaandikwa na hawaonekani. Basi kila upande ukapata maelezo yake. Wafugaji wakasema tunawabagua kwa kabila lao. Bashi wakasema ni wafugaji wanaopendelewa. Kanisani watu wakaanza kukaa benchi tofauti. Nami nilikaa katikati, Mama Chantal wa ofisini, nikitazamwa vibaya na pande zote mbili.

Katika siku hizo ndipo alipokuja Nsimire M'Cirhuza.

Alikuwa mkulima wa Juru, mjane, na alitembea kutoka huko na mtoto mgongoni. Mtoto aliitwa Ashuza, msichana ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameanza kupanga maneno. Nsimire alimteremsha, akamkalisha juu ya meza yangu, akamgeuzia dirishani. Ndani ya jicho la kushoto kulikuwa na weupe unaong'aa.

"Mangaribi inawaka, Mama Chantal. Miye nilizani ni moto ya jiko inaonekana mule. Muganga ya Juru akaniambia hii ni ya kukimbilia ku hospitali ya Mbarara, haina kungoja. Akaniandika mu simu. Gari ikakuja, bakasoma majina, yangu haiko. Nikarudia, akaniandika tena. Gari ikakuja, haiko. Na ya tatu vile vile."

Nikafungua tovuti. Hakuwemo. Nikampigia muuguzi wa Juru, Sista Kobusingye, mwanamke mwenye kelele na moyo mwema.

"Nyabo, mimi natuma! Simu yenyewe inasema Imepokelewa. Sasa unataka mimi nifanye nini, niingie ndani ya hiyo simu nisukume?"

"Bado unaye humo ndani?"

"Nani? Hakuna. Simu ikishatuma inafuta, si ndio nyinyi watu ya ofisi mulisema ipate nafasi?"

Hilo nalo liwekeni akilini. Seva ya Mbarara, kompyuta inayoishikilia tovuti, ilikuwa na adabu mbaya: mzigo ukigonga mlango tu, inajibu Imepokelewa, kabla haijaufungua. Simu ikisikia hivyo, inafuta nakala yake. Halafu seva inafungua mzigo, inakuta vipande, inatupa, na haimwambii mtu. Mtu hayuko Juru tena na Mbarara hajafika. Sijui hata leo niite mahali hapo nini.

Nilipomweleza Nsimire kwamba simu inasema ametumwa na kompyuta inasema hakuja, aliuliza: "Jina yangu iko mu simu, lakini mu gari haiko. Sasa njo iko fasi gani?"

Nikapanda teksi kwenda Mbarara siku iliyofuata. Mwenye kuitunza tovuti huko alikuwa Arinaitwe, kijana aliyesoma chuo kikuu cha pale pale, mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kula karanga akifikiri. Nilimwambia kwa hasira kwamba tovuti yake inawachukia wanawake wa Kishi na wafugaji. Hakukasirika. Aliniomba nimtajie majina ya waliopotea na alichoandika muuguzi kuhusu kila mmoja, kadiri Sista alivyonikumbushia kwa simu, na kijana akayachapa kama ninavyoyatamka. M'Cirhuza. M'Bagalwa. M'Rhubibi. Kisha wafugaji, ambao majina yao yalikuwa ya kawaida kabisa, ila kwenye sehemu ya maelezo Sista aliandika kazi yao kwa Kiswahili: ana ng'ombe, anachunga ng'ombe, alipigwa teke na ng'ombe.

Arinaitwe akaacha kutafuna. Akainua kidole, akakigusisha kioo kwenye M, kisha kwenye ng'ombe.

"Maama. Ni hii. Tovuti inafikiri jina imekwisha hapa."

Alinionyesha. Nsimire, halafu M, halafu alama: tovuti inasema jina limeisha. Cirhuza aliyebaki nyuma anakuwa takataka isiyo na lebo, na mzigo mzima unaharibika. Waliojaribu programu kabla ya kutuletea walijaribu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza ng'ombe hana alama yoyote. Kwa hiyo hakuna aliyembagua mtu. Watu walikuwa wamegawana mabenchi ya kanisa kwa sababu ya alama ndogo kuliko mbegu ya ulezi. Nilicheka, Mungu anisamehe.

"Utarekebisha?"

"Kurekebisha ni leo, kabla ya chai. Lakini siwezi kuituma kwa simu. Programu ni ya makao makuu ya shirika. Mpaka wao wakubali."

Akawaandikia mbele yangu. Jibu lilikuja upesi, la heshima sana, likisema toleo jipya litazingatiwa pamoja na maboresho mengine, na kwamba kwa sasa wafanyakazi wa makambini waepuke kutumia alama hiyo. Basi. Tukaagizwa tuwageuze mabinti kuwa baba zao.

Nsimire nilipomweleza hakusita hata kidogo. "Mutoe. Mutoe yote kama munataka, muniite hata Jiwe. Baba hawezi kunikasirikia juu ya mutoto." Sista Kobusingye akamwandika upya, Nsimire Cirhuza, mama wa Ashuza. Ikatumwa. Imepokelewa. Na safari hii tovuti ilifungua mzigo bila shida na kuandika kijani: Kaya imepatikana. Arinaitwe alinipigia kunithibitishia. Nilimwambia Nsimire akafue nguo za mtoto, gari linakuja.

Gari lilikuja Juru. Dereva akasoma majina yote. Nsimire alisimama pale na mfuko wa nguo zilizofuliwa mpaka vumbi la gari likatulia, kisha akalisubiri la wiki iliyofuata, maana tulikuwa tumemwambia amefika.

Siku niliyogundua nitaieleza kifupi. Nilitafuta Cirhuza kwenye tovuti. Akatokea mmoja tu: mzee Cirhuza, aliyekuja Nakivale pamoja na binti yake Nsimire, kwenye kadi moja ya kaya. Alifariki miaka mingi iliyopita, kadi ikabaki kwa binti. Tovuti ilipopata namba ya kadi hiyo na jina Cirhuza, haikutafuta zaidi. Ilimchukua Ashuza na kumweka chini ya babu yake. Mkuu wa kaya: marehemu. Faili imefungwa. Na tovuti haipangii safari watu wa faili lililofungwa. Mtoto alikuwa amefika Mbarara, ndiyo. Alikuwa amefika akiwa amezikwa na babu.

Siku hiyo sikuomba ruhusa ya mtu. Nilichukua boda mpaka Juru, nikampakia Nsimire na Ashuza, tukaenda na teksi za kawaida mpaka hospitali ya Mbarara bila rufaa yoyote. Jicho lilikuwa limevimba, na mtoto alilalia begani upande mmoja tu kwa sababu ule mwingine uliuma. Mlangoni walitukatalia. Nilipiga kelele ambazo sikujua ninazo. Mwishowe akatoka daktari wa macho, mama wa makamo, akamwangalia mtoto pale pale kwenye benchi la korido. Alimwangalia kwa muda mrefu, polepole, halafu akazima tochi.

"Mama, hii ugonjwa ikikuja mapema sisi tunatoa jicho, mutoto anaishi. Sasa imeenda nyuma, kwa kichwa. Mulikuwa wapi siku yote?"

Nilifungua mdomo nimweleze habari za alama na mizigo na seva. Nsimire akanitangulia.

"Tulikuwa mu simu, Docteur."

Daktari alidhani hajasikia vizuri.

Walimpa dawa ya maumivu, na tukarudishwa nyumbani. Ashuza aliishi mpaka mavuno ya maharage. Kwenye mazishi Bashi na wafugaji walikaa pamoja, kwa kuwa Arinaitwe alikuwa amekuja mwenyewe kuwaeleza wazee wa kanisa habari za ng'ombe na M. Sikupata faraja yoyote katika hilo. Nilimtazama pasta akisali na nikajikuta sina hata neno moja la kumwambia Mungu, isipokuwa swali lile lile la Nsimire, fasi gani.

Baada ya hapo ndipo makao makuu walipokubali. Toleo jipya lilikuja, nami nikatumwa Juru kulipakia kwenye simu moja baada ya nyingine, nikiwa nimekaa kwenye kibaraza cha zahanati palipo na mtandao. Niwaambie mambo yaliyobadilika, maana mtakuja kuulizwa. Alama ndani ya jina sasa inawekewa ishara mbele yake, ili upande wa pili ujue si mwisho wa neno. Seva haijibu Imepokelewa mpaka ifungue na kusoma. Simu haifuti nakala mpaka tovuti iirudishie jina lenyewe, na muuguzi alilinganishe. Mkitengeneza kitu kipya, msikijaribu kwa majina ya mfano. Kijaribuni kwa mama wa Kishi mwenye ng'ombe. Kama hamna muda wa hilo, rudini kwenye flashi, angalau ile nilijua nimeifunga wapi.

Walionipotea kabla ya hapo hawakurudi. Simu zilikuwa zimekwisha kuwafuta. Wengine tuliwapata kwa kupita mlango kwa mlango, wengine walikuwa wamehama, wengine hatukuthubutu kuuliza. Mnaniita mwenye uchungu. Ndiyo, ninao, na sioni sababu ya kuuficha.

Nilikuwa bado pale kibarazani na simu ya kwanza iliyokwisha kupokea toleo jipya, Nsimire alipokuja. Alikuja kwa sababu sheria inamtaka mama aje. Kifo kisipoandikwa, kadi ya kaya inafungiwa, na mgao wa chakula unasimama kwa wote waliobaki. Sista Kobusingye alisema hawezi, akaingia ndani kuosha vyombo visivyo na uchafu. Basi nikaandika mimi. Mkuu wa kaya: Nsimire M'Cirhuza. Mtoto: Ashuza. Aina ya taarifa: kifo. Nikamsomea kwa sauti, nikanyamaza, nikamsubiri. Akaitika kwa kichwa. Nikabonyeza Tuma.

Haikupita hata muda wa kufunga kofia ya kalamu. Simu ikatetemeka mkononi mwangu. Alikuwa Arinaitwe, akipiga kutoka Mbarara, na nyuma yake nilisikia wenzake wakipiga makofi. Alikuwa amekaa mbele ya tovuti tangu asubuhi akisubiri jina lolote lenye alama.

"Maama! Imepita! M ya kwanza imepita, na kile kitu chake, herufi yote! Nimeiona sasa hivi! M'Cirhuza!"

"Soma iliyobaki," nikamwambia.

Nikasikia makofi yakiisha, moja moja. Nami nikakata simu.

Nsimire, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi, akauliza ni nani huyo mwenye furaha namna ile.

"Ni mutu wa Mbarara," nikamwambia. "Anasema jina yako imefika."

"Aksanti," akasema. "Mumuambie aksanti."